Si lazima au marufuku? Maswali yenu ya "must", "have to" na "should"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku Nungwi, Zanzibar. Juzi mgeni kafika tu akatoa kadi anataka kulipa bili yote, mi nikataka kumwambia si lazima alipe leo, anaweza kulipa siku ya kuondoka. Nikamwambia "You must not pay today". Akairudisha kadi kwenye pochi anashangaa, akauliza kama mashine mbovu. Msimamizi akaja kaniambia nimemkataza mgeni kulipa. Sasa "must" si ndo lazima, na "not" si ndo kukanusha? Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante sana kwa kuuliza hili maana ndo kosa ninaloliona kuliko yote kwa watu wanaojua kabisa Kiingereza, wanaongea vizuri, wanaandika vizuri, alafu wanafika hapa wanamwambia mtu kinyume cha walichokusudia. Mi naona hili lishughulikiwe kwanza, hayo mengine ya grama yatafuata.

Tazama vizuri. Tukisema "si lazima ulipe", ile "si" inaondoa lazima yenyewe, kulipa kunabaki hiari yako. Kwenye "must not pay" ile "not" haiigusi "must" hata kidogo, inaruka mbele inakwenda kukanusha kulipa. Kwa hiyo lazima iko palepale, ila sasa ni lazima USILIPE. Marufuku hiyo. Mgeni wako alikuelewa sawasawa kwa maneno uliyotumia.

Ukitaka kuiondoa lazima tumia "have to", kwa sababu ukisema "don't have to" kile kikanusho kinaangukia kwenye "have to" yenyewe. Basi sema "You don't have to pay today, you can pay when you check out". Hata "There's no need to pay today" ni sawa kabisa na inasikika kwa upole. Ipo pia "needn't", utaisikia kwa Waingereza zaidi, maana ni ileile.

Na msidhani ni mambo ya bili tu. Chukua duka la dawa, muuzaji anampa mgeni metronidazole, ile wengi tunaiita Flagyl, ambayo watu huonywa wasiinywe huku wanakunywa pombe. Anatakiwa aseme "You mustn't drink alcohol with this". Akichanganya akasema "You don't have to drink alcohol", yule mgonjwa atasikia kwamba pombe ni hiari yake, asipotaka asinywe, akitaka basi anywe. Umeona hatari ilipo?

Alafu kwa vile uko mapokezi, ujue Wajerumani nao huteleza hapahapa, kwao "muss nicht" maana yake ni si lazima, kwa hiyo Mjerumani akikwambia "I must not have breakfast" usikimbilie kufikiri daktari kamkataza kula, muulize taratibu, yawezekana anasema tu kwamba chai ya asubuhi si lazima kwake.

Lingine dogo. Mgeni usimwambie "You must fill this form", inasikika kama amri ya askari getini. Sema "You'll need to fill in this form", au bora zaidi "Could you fill in this form, please?" Lakini "You must try our octopus" haina ubaya, hapo "must" ni ya kumkaribisha mtu kwa moyo, kama sisi tunavyosema lazima uonje pweza wetu, hakuna anayeichukulia kama amri.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko Reading, Uingereza, najiandaa na mtihani wa nadharia wa udereva. Kile kitabu chao cha sheria za barabarani, Highway Code, kuna mahali wanaandika MUST kwa herufi kubwa na mahali wanaandika "should". Je, ni msisitizo tu au kuna tofauti?

JIBU: Nzuri kabisa ndugu yangu. Tofauti ipo tena kubwa. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza 1931, na humo ukikuta MUST au MUST NOT kwa herufi kubwa ujue nyuma yake kuna sheria, ukivunja umetenda kosa la jinai. Mfano kufunga mkanda. Ukikuta "should" huo ni ushauri, kutoufuata peke yake hakukufanyi ushtakiwe, ila ukipata ajali ukafika mahakamani unaweza kutumika kuonyesha kwamba uliendesha kizembe. Kwa hiyo "should" usiisome kama "ukipenda". Iko karibu na "inapaswa" yetu.

Mainjinia wa intaneti nao waliona umuhimu wa kutenganisha haya maneno, mwaka 1997 wakatoa waraka unaoitwa RFC 2119 wenye kazi hiyo tu, kueleza MUST ni sharti lisilo na mjadala, na SHOULD ni jambo la kufuatwa isipokuwa una sababu nzito na umeshapima madhara ya kuliacha. Kwenye sheria kuna "shall" pia, Katiba ya Kenya ya 2010 imejaa "shall", wakati Afrika Kusini kwenye katiba yao ya 1996 waliamua kutumia "must", na mi nawaunga mkono Afrika Kusini, mwananchi wa kawaida akisoma "must" anaelewa moja kwa moja kwamba serikali inalazimika.

SWALI: Shkamoo mwalimu, nipo kidato cha nne Kahama. Wakati uliopita wa "must" ni upi? Kuna wenzangu wanaandika "I must went" na wengine "I musted".

JIBU: Marahaba. Zote mbili hapana. "Must" haina umbo la wakati uliopita kwa sababu zamani, kwenye Kiingereza cha kale, yenyewe ndo ilikuwa umbo la wakati uliopita, ikaja ikageuka kuwa ya sasa. Kwa hiyo unaazima "had to": "Yesterday I had to walk to school". Wakati ujao ni "will have to". Na baada ya "must" usiweke "to" wala usiongeze "s", ni "she must go", sio "she must to go" wala "she musts go".

Ila chunga "must have". "She had to leave" ni ilimbidi aondoke. "She must have left" hakuna lazima ya mtu hapo, unabashiri tu, bila shaka ameshaondoka. Na "She should have left" ni alitakiwa aondoke lakini hakuondoka. Andika hizo tatu kwenye daftari alafu utunge zako tatu za kufanana nazo, ukitaka nitumie nikusahihishie.