Anasoma solfa, mistari inamsumbua: achukue AP ya nadharia ya muziki?

Swali: Binti yangu anaingia darasa la 11 hapa Ohio. Anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa na solfa (doh, re, mi) anaisoma bila shida, lakini noti za mistari mitano anazisoma kwa kusuasua, na kinanda hapigi. Shule imempa nafasi ya AP Music Theory, yaani somo la nadharia ya muziki la kiwango cha chuo linalofundishwa sekondari na kuishia na mtihani. Kuna mwalimu wa mtandaoni anatuambia nadharia ni kukariri tu, wiki nne kabla ya mtihani zinatosha. Achukue?

Jibu: Achukue, mama, kwa sharti kwamba aanze mistari sasa hivi kabla shule haijafunguliwa. Huyo wa wiki nne mwacheni.

Hilo neno "kukariri tu" linaponza watoto wengi. Mtihani wa Mei una maswali 75 ya kuchagua, yenye uzito wa asilimia 45, na sehemu kubwa ya hayo hujibiwa kwa kusikiliza. Kisha inakuja imla. Nyimbo fupi mbili, moja hupigwa mara tatu na nyingine mara nne, mtoto aandike alichosikia. Halafu imla mbili za kordi, yaani noti zinazolia pamoja: hapo anatakiwa kuandika soprano (sauti ya kwanza), besi (sauti ya nne) na namba ya Kirumi inayoonyesha kila kordi imejengwa juu ya noti ya ngapi ya skeli. Kuimba kwa kuona, yaani kuimba papo hapo noti asizowahi kuziona, peke yake ni asilimia 10: kwa kila wimbo sekunde 75 za kujiandaa, sekunde 30 za kuimba. Katika hayo, kipi kinakaririwa? Idadi ya shapu na flati kulingana na Doh iko wapi, sawa, hiyo ikaririwe. Sikio linataka dakika 15 kila siku, miezi mfululizo.

Binti yako tayari ana mtaji ambao wenzake wengi watautafuta mwaka mzima. Mtihani unaruhusu kuimba kwa solfa, tena anaweza kuuhamisha wimbo juu au chini kulingana na sauti yake. Aliyezoea leo "Doh ni G", kesho "Doh ni E flati", anajua ti inavyovutwa kwenda doh popote wimbo ulipo. Asikubali kuambiwa aiache solfa.

Mapengo yake yako kwingine. La kwanza ni muda wa noti. Kwenye solfa nukta mbili hutenga mapigo, nukta moja hugawa pigo, na kistari huendeleza sauti; kwenye mistari umbo la noti lenyewe ndilo linalobeba hayo yote. Wengi waliotoka kwenye solfa huandika noti sahihi kwa muda usio sahihi, na kwenye imla kipande hupata alama kamili vyote viwili vikiwa sawa.

Pengo kubwa zaidi ni besi. Mtoto wa sauti ya kwanza husikia juu tu, kwa hiyo imla ya kordi humwangusha. Achukue wimbo wa kwaya anaoujua, aimbe sauti ya nne oktavu moja juu, aiandike kwa solfa, kisha aihamishie kwenye mistari kwa ufunguo wa besi (alama ya mwanzo wa mistari kwa sauti za chini), akitaja Doh iko wapi. Wimbo mmoja kwa wiki. Baada ya hapo aandike namba ya Kirumi chini ya kila noti ya besi, akiangalia sauti tatu za juu. Nyimbo zilizo kwenye minor asiziruke: huko la ndiyo nyumbani, na soh ikipandishwa kuwa se, kordi ya V hubadilika. Wengi husahau kuandika alama hiyo ya kupandisha.

Kinanda cha kukodi au cha shule kinatosha, naye hahitaji kuwa mpigaji; apige kordi nne nne polepole, akiimba besi.

Sasa hawa wauza njia za mkato. Wanafundisha kubahatisha majibu ya kuchagua na kuandika sauti nne kwa kanuni za makatazo, mtoto asijue zinasikikaje. Hata akipata 3 kati ya 5 kwa bahati, kila chuo kina masharti yake ya kuitambua alama hiyo, na idara nyingi za muziki huwapima wanafunzi wapya kwa mtihani wao wenyewe, wenye imla vilevile. Anayewauzia wiki nne mwombeni ampigie binti kordi nane, kisha amweleze kwa nini aliikosa ya tano. Akishindwa, msimlipe.