Nina Q, sina U: nifanyeje?

SWALI: Ninafundisha Kiingereza sekondari, hapa Tanga, na jioni nasimamia klabu ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni kwa kete za herufi. Kila wiki kuna mtoto anayefika mwisho wa mchezo akiwa ameishikilia Q kwa sababu U hazikumfikia. Naomba maneno mafupi yenye Q yasiyohitaji U, na maana zake. Halafu, ni lazima mchezaji ajue maana ya neno analoliweka?

JIBU: Pole na kazi, Mwalimu. Hilo tatizo nimekutana nalo kila klabu niliyofundisha, na hasara yake ni kubwa kuliko watoto wanavyodhani. Katika kete 100 za mchezo huu, Q ni moja na U ni nne tu. Mpinzani akimaliza kete zake nawe umebaki na Q, unakatwa pointi 10 na yeye anaongezewa 10. Hapo tofauti ni 20, na mechi nyingi zinaamuliwa kwa pungufu ya hizo.

Neno la kwanza ni QI, nguvu ya uhai kwa mujibu wa Wachina, na hutamkwa "chi". Hili kila mtoto alale nalo. Q ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, QI ikasomeka kulala na kushuka kwa wakati mmoja, ni pointi 62 kwa kete tatu. Ila usiwafundishe kuusubiri mraba huo. Mtoto anayeipata QI ya pointi 25 aiweke hapo hapo, maana wengi waliosubiri 62 nimewaona wakiishia kukatwa 10.

Baada ya QI, wanafunzi wako wana bahati ambayo wachezaji wa London hawana. Sehemu kubwa ya maneno ya Q bila U yametoka Kiarabu. Ile herufi qaf sisi tuliigeuza K, Waingereza wakaiandika Q. Kwa hiyo mtoto aliyepita madrasa, au aliyekua karibu na msikiti tu, nusu ya orodha anayo kinywani tayari. QADI ni kadhi. QIBLA ni kibla. QASIDA ni kaswida, ingawa Kiingereza kinamaanisha utenzi wa Kiarabu na si lazima uimbwe kwa dufu. WAQF ni wakfu, FIQH ni fikihi, TALAQ ni talaka, lakini ile ya Kiislamu peke yake. Ndoa ya bomani haivunjwi kwa TALAQ. NIQAB ni nikabu. SUQ ni soko: U imo, ila imekaa upande ambao mtoto hakuutarajia. Na BURQA, vazi linalofunika mwili mzima na uso, ni ndugu wa barakoa yetu. Wengi tulianza kulitamka neno hilo kila siku wakati wa korona, lakini wanawake wa Oman walikuwa na barakoa zao zamani sana.

Kuna mtego hapo, na nimeuona ukimnasa kijana hodari. Aliweka FAQIRI, akapingwa, akapoteza zamu. Neno ni FAQIR. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo tuliongeza irabu mwishoni. Kwenye ubao irabu hiyo hutolewa: talaka inabaki TALAQ, wakfu inabaki WAQF. Maana nayo imesogea kidogo. Fakiri wetu ni maskini yeyote, lakini FAQIR wa Kiingereza ni yule aliyeikimbia dunia kwa ajili ya ibada, awe Mwislamu au Mhindu, akiishi kwa kuomba. Tena wasidhani kila K ya Kiarabu inageuzwa Q wakasalimika. QAHAWA haimo.

QAT nayo watoto wa Tanga hawahitaji kuelezwa sana: ni mirungi, ambayo Wakenya huiita miraa. Kiingereza kinaiandika pia KAT na KHAT, zote halali. Uingereza iliyapiga marufuku majani yenyewe mwaka 2014. Kwenye ubao neno halikuguswa.

Yasiyo ya Kiarabu ni machache. QOPH ni herufi ya Kiebrania, dada wa qaf. TRANQ ni dawa ya kutuliza, kwa kifupi. UMIAQ ni mashua ya ngozi ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki. Hiyo ya mwisho sijawahi kuiona ikichezwa mezani, lakini haigharimu kitu kuijua.

Kuhusu maana: kanuni hazimdai mchezaji maana. Neno likipingwa, mwamuzi anaangalia kama limo kwenye orodha, basi. Hata hivyo mimi nafundisha maana, kwa sababu inamwambia mtoto neno linaweza kubeba nini. Anayejua QAT ni mmea ataongeza S ya wingi bila woga, QATS, na hatajaribu kuligeuza kitenzi kwa kubandika ING. Vivyo hivyo QIS, QADIS, NIQABS, BURQAS.

Angalia pia simu wanazofanyia mazoezi. Programu nyingi huwekwa orodha ya maneno ya Marekani, ambayo si sawa na ile ya Collins inayotumika kwenye mashindano yetu. QI yenyewe Wamarekani waliikubali mwaka 2006 tu. Weka Collins, la sivyo watoto watazoea kukataliwa maneno yaliyo halali.

Na kama ubao umebanwa, hakuna pa kuweka hata QI, mtoto aibadilishe Q mapema badala ya kuing'ang'ania. Kubadilisha kunaruhusiwa mfuko ukiwa na kete saba au zaidi. Zikishuka hadi sita, Q hiyo ni yake mpaka mwisho.