Hekalu la Ellora: binadamu au viumbe wa anga?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna video inazunguka inasema hekalu la Kailasa kule Ellora, India, limechongwa kwenye mwamba mmoja kuanzia juu kushuka chini, na eti watu wa kale wasingeweza, lazima walisaidiwa na viumbe wa anga. Tushike lipi?

JIBU: La mwamba mmoja shika, la viumbe achana nalo kabisa. Hekalu hilo lipo jimbo la Maharashtra, ni namba 16 kati ya mapango 34 ya pale, na kazi kubwa ilifanyika karne ya 8 chini ya mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta. Na hatubahatishi, kuna bamba la shaba la mwaka 812 linalolisifia hekalu hilo na kumtaja mfalme, tena linasema hata fundi mwenyewe alipomaliza alibaki anashangaa amewezaje. Sasa hapo kiumbe wa anga anaingilia wapi?

Kuanzia juu ndio akili yenyewe. Walichimba mitaro mirefu pande tatu za mlima mpaka katikati likabaki bonge la mwamba, halafu wakaanza kuchonga kilele, wakimaliza sehemu wanashuka, kwa hiyo hakuna kufunga majukwaa wala kuhangaika kupandisha mawe juu, fundi anasimama kwenye mwamba ambao bado hajauchonga. Alama za tindo zipo ukutani mpaka leo. Mnara una kama mita 30, na ramani nzima inafanana sana na hekalu la Virupaksha la Pattadakal, kusini zaidi hukohuko India, lililojengwa kwa mawe ya kupanga na ukoo wa Chalukya, yaani haohao ambao Rashtrakuta waliwapindua. Mi naona mafundi walihamia kwa bosi mpya, ndio kawaida ya mafundi.

Ila video hizo zinakuonyesha ukubwa tu, zinaruka utamu. Chini ya hekalu kuna tembo wamepangwa kama ndio wamelibeba mgongoni. Upande wa kusini kuna mchongo wa Ravana, mfalme wa mashetani kwenye hadithi za Wahindu, mwenye vichwa kumi, yuko chini ya mlima Kailasa, makao ya mungu Shiva, anautikisa kwa mikono yake yote, juu Parvati, mke wa Shiva, kashtuka kamshika mumewe mkono, mtumishi anakimbia, Shiva mwenyewe katulia tu anaukandamiza mlima kwa kidole cha mguu. Jiwe lile, lakini unaona kabisa nani ana hofu na nani hana.

SWALI: Kama njia hiyo ni rahisi hivyo, mbona mahekalu yote hayakuchongwa namna hiyo?

JIBU: Rahisi sijasema! Ukichonga ukapitiliza huwezi kurudisha jiwe, na lazima uufuate mwamba ulipo, wakati mfalme anataka hekalu liwe mjini kwake. Mawe ya kupanga unayapeleka popote. Ndio maana mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, kusini mwa India, alipotaka lake mjini Thanjavur alijenga kwa matofali makubwa ya itale, likakamilika mwaka 1010, na mnara wake unapita mita 60, mara mbili ya ule wa Ellora.