Mtamba ana miezi 14 na fundi amekataa kumpandisha, nifanyeje?

SWALI: Habari daktari. Niko Ruai, nina mitamba watatu wa Friesian, miezi 14 sasa. Wanakula mabua ya mahindi nimekatakata na mashine, nyasi ya nepia nikipata, na deri meal (chakula cha unga cha dukani) nusu kilo kila mmoja asubuhi, lakini ikifika mwisho wa mwezi huwa imeisha. Magadi wanalamba. Mmoja ameanza kupanda wenzake nikaita fundi wa mbegu, akamwangalia akasema bado ni mdogo, nimwite baadaye. Jirani naye ananiambia niwapige deri meal kilo nne kila mmoja kwa miezi miwili watakuwa tayari. Nimempima huyo aliyeitisha (anayetaka dume), kifua ni sentimita 138 na urefu kutoka bega hadi mfupa wa nyuma ni 122. Nimsikize nani? Na sindano ya vitamini itasaidia?

JIBU: Mama, asante kwa kupima, wengi huniandikia tu "ni wakubwa wa kutosha" na hapo siwezi kuwasaidia. Tuanze na hizo namba zako. Chukua 138 mara 138, zidisha na 122, gawanya kwa 10,840. Unapata kilo 214. Si sawasawa na mizani lakini inakaribia vya kutosha kwa kazi yetu.

Friesian wa huku kwetu anapandishwa akikaribia kilo 300, yaani kama asilimia 60 ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. (Jersey ni mdogo, yeye kwenye 230 hivi yuko sawa.) Kwa hivyo fundi wako amekwambia ukweli na amekataa pesa akiwa nayo mkononi, mshike huyo. Hii ya kupanda wenzake isikuchanganye, mtamba huanza kuitisha mapema kabisa, hata akiwa asilimia 40 na kitu ya uzito wa ukubwani, mwili unaanza kujaribu tu. Ukimpandisha sasa anaweza kushika vizuri sana, shida inakuja wakati wa kuzaa, nyonga ni nyembamba ndama anakwama, na hata akizaa salama maziwa ni kidogo kwa sababu bado yeye mwenyewe anakua, alafu anakaa miezi na miezi bila kuitisha tena. Andika tu tarehe aliyoitisha, hesabu siku 21, uone kama anarudi. Hiyo rekodi utaihitaji baadaye.

Sasa jirani. Kutoka 214 hadi 300 ni kilo 86. Kwa siku 60 ni kama kilo moja na gramu mia nne kila siku, na hakuna mtamba wa deri ataongeza hivyo kwa deri meal bila kuumia. Kilo nne kwa mnyama wa kilo 214 ambaye tumbo lake limezoea mabua ni kumtafutia asidi tumboni, utaona mavi yamekuwa maji, anaacha kula, baadaye kwato zinaanza kuuma. Na ule uzito kidogo atakaopata ni mafuta, mengine yanajaa kwenye njia ya kuzalia. Unataka mifupa na nyama, sio mafuta. Lenga gramu 600 kwa siku, hapo utafika 300 kwa miezi mitano hivi, atakuwa na miezi 19. Si mbaya hata kidogo, kwa sababu hivi anavyokula sasa sidhani kama anapita gramu 250 kwa siku, na kwa mwendo huo ungengoja karibu mwaka mzima.

Shida yako kubwa iko kwa mabua. Mabua makavu ya mahindi yana protini kama asilimia 4 au 5, na wale wadudu wadogo wa tumboni wanaosaga majani wanataka angalau asilimia 7 ndio wafanye kazi. Chini ya hapo chakula kinakaa tu tumboni, hakisagiki haraka, na kwa vile tumbo halijatoka kitu mnyama hawezi kula kingine. Nenda zizini saa hii umsimamie kwa nyuma umwangalie: ukiona tumbo limetanuka pande zote kama amebeba mimba, lakini mgongo umekonda, mbavu zinahesabika na manyoya yamesimama hayang'ai, huyo hajashiba, amejazwa tu. Mtu akipita barabarani anakusifu ati wamenona.

Mtamba wa ukubwa huo anahitaji chakula kikavu kilo tano na nusu hadi sita kwa siku. Nasema kikavu manake nepia mbichi ni maji zaidi ya robo tatu. Hivi ndivyo ningemlisha: nepia kilo 18 hivi, imekatwa ikiwa mita moja, sio ile ya mita mbili na nusu yenye shina kama mwanzi ambayo watu wa pikap wanapenda kuuza kwa sababu inajaza gari. Ongeza kilo moja ya lusani kavu (majani ya lishe yenye protini nyingi), na deri meal kilo moja na nusu ukigawa asubuhi na jioni. Ikipanda hadi mbili ni sawa, usipite hapo. Panda polepole, ongeza kama robo kilo kila baada ya siku tatu. Mabua usiyatupe, yaweke kidogo yawe ya kujaza usiku, lakini yasiwe ndio chakula.

Najua Ruai ni kavu na nepia inanunuliwa. Kama hupati, tafuta nyasi ya boma rodesi iliyokatwa kabla haijatoa mbegu, bado ina rangi ya kijani na majani mengi, ile ya njano yenye vijiti haina tofauti kubwa na mabua yako ingawa bei ni ya nyasi. Kama una watu Kiambu au Murang'a wenye miti ya lishe ya kaliandra kwenye ua waambie wakukatie, kilo tatu za majani mabichi zinafanya kazi ya kilo moja ya deri meal. Machicha ya bia kutoka upande wa Ruaraka pia ni protini nzuri, kilo tatu kwa siku zinamtosha, lakini nunua ya siku mbili tu, kwa joto la huko yanaoza haraka, na yenye ukungu usimpe mnyama yeyote. Takataka za soko la Marikiti nakuomba uachane nazo, maganda yana maji mengi na ndani kuna nailoni na waya, tumefungua matumbo ya ng'ombe hapa Nairobi tukatoa mambo ya kuhuzunisha. Mbolea ya kuku usithubutu, kuna sumu ya mizoga (botulizimu, inatoka kwa kuku waliokufa humo ndani) inaua zizi lote.

Magadi ni chumvi tu, haina fosforasi, shaba wala zinki, na bila hizo mtamba anaweza kufika uzito na bado asiitishe vizuri. Nunua madini ya unga ya ng'ombe wa maziwa, kama gramu 60 hadi 100 kila mmoja kwa siku ukimchanganyia kwa deri meal. Maji yawepo mchana na usiku. Na kabla ya kuongeza hata punje moja ya chakula wape dawa ya minyoo kulingana na uzito wa kila mmoja, la sivyo unalisha minyoo. Sindano ya vitamini wakati huu ni kupoteza pesa, pesa hiyo hiyo inakununulia lusani.

Jambo lingine: wakila kwenye hori moja, yule mkubwa anamaliza deri meal ya wenzake. Wafunge mbalimbali kwa hizo dakika kumi za kula, utashangaa yule mdogo vile atabadilika.

Na tuongee pesa wazi. Ile ya deri meal kukatika kila mwisho wa mwezi inawarudisha nyuma kuliko unavyodhani, afadhali kilo moja kila siku bila kukosa. Kama hesabu ya watatu haitoshei, mimi ningeuza mmoja niwalishe wawili vizuri. Nimeona boma nyingi sana zenye ng'ombe watano wenye njaa wanaotoa maziwa ya wawili.

Pima kifua na urefu kila mwezi siku ileile, asubuhi kabla hawajala, ukishapandisha usipunguze chakula maana mimba changa hupotea hapo. Kipimo kisiposonga baada ya wiki sita za kulisha hivi, chukua mavi mabichi peleka maabara ya mifugo Kabete wayaangalie, alafu uniandikie majibu pamoja na vipimo vya wote watatu.