Maswali yenu: Bendera imechanika, niichome ama niitupe?

Mwezi uliopita niliuliza hapa kama kuna mtu bado husimama akisikia filimbi ya kushusha bendera saa kumi na mbili jioni pale kambi ya chifu, nikadhani nitapata majibu mawili matatu hivi. Wapi! Simu imejaa. Wengine mmenitukana (asanteni pia), wengine mmenitumia picha za bendera zilizochakaa kutoka Nakuru mpaka Busia, na wengi zaidi mmeuliza maswali. Nimechukua manne, mengine yangoje.

Swali: Niko na nduthi (pikipiki ya abiria), stage yetu ni huku Kaptembwo, Nakuru. Pale mbele nimefunga kabendera kadogo ka Kenya na upepo umekala pembeni. Juzi afisa mmoja akanisimamisha, hakuuliza leseni, hakuuliza helmeti, ati kabendera kamechanika kwa hivyo naidharau nchi. Nikatoa kitu kidogo nikaenda zangu. Kwani ni kosa kweli?

Jibu: Pole ndugu yangu, lakini hicho kitu kidogo ndicho kosa la kwanza hapo, na mlikosa wawili. Sasa tukirudi kwa bendera, sheria iko, ni ile ya bendera, nembo na majina ya taifa, sura ya 99, na kuonyesha dharau kwa bendera ni kosa ndani yake. Shida ni hilo neno dharau lenyewe, kwa sababu dharau iko moyoni na afisa hana mashine ya kupima moyo pale barabarani. Wewe hukuchana, upepo ndio ulichana.

Lakini usifurahi sana. Sheria hiyo hiyo pia husema nani anaruhusiwa kupeperusha bendera kwa gari, na ni wakubwa wachache tu, kina Rais na Naibu wake na Jaji Mkuu. Mwaka 2014 bunge liliibadilisha mpaka magavana wakakatazwa, na kelele iliyotoka kwa magavana nafikiri unaikumbuka, watu wazima wanapigania kitambaa cha kufunga kwa boneti! Kwa hivyo kama gavana na msafara wake alikatazwa, wewe na nduthi usijitetee sana. Toa hiyo, nunua bangili ya shanga ya rangi zile zile, hakuna mtu atakusimamisha.

Swali: Mimi ni karani kwa ofisi moja huku Kakamega. Bendera yetu imezeeka mpaka naona haya wageni wakija. Nimepewa mpya. Hii ya zamani nitupe, nipige nayo deki, ama niichome? Mwenzangu anasema nikiichoma nitashikwa.

Jibu: Deki hapana! Kwanza acha nikuambie, nimeona bendera kama hiyo yako, sitasema ni wapi. Nyekundu imekuwa ya waridi, kijani imekuwa kama maji ya kuoshea sukuma, nyeusi ndiyo imebaki kidogo, na ule upande wa mwisho umegawanyika nyuzi nyuzi zimejifunga kwa kamba mpaka yule askari akivuta haishuki, anaiacha huko juu usiku kucha inanyeshewa. Na chini yake kuna watu wamepanga laini tangu asubuhi wakitafuta barua ya chifu. Mimi kwangu hiyo ndiyo dharau, kuliko ya huyo wa nduthi, lakini hujasikia chifu ameshtakiwa.

Kuhusu moto, ni jambo la ajabu kidogo. Marekani, kanuni zao za bendera zinasema ikishazeeka isifae tena ipumzishwe kwa heshima, na njia nzuri kabisa ni kuichoma. Halafu huko huko Marekani jamaa mmoja, Gregory Lee Johnson, alichoma bendera mjini Dallas mwaka 1984 kwa maandamano akahukumiwa, kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1989 majaji 5 kwa 4 wakasema hiyo ni njia yake ya kusema maoni, aachwe. Mpaka leo wanagombana juu ya hiyo kesi. Moto ni ule ule na kitambaa ni kile kile, mmoja anazika na mwingine anatukana, sasa tofauti utaionaje kwa macho?

Wewe fanya hivi. Ikunje vizuri, mwambie bosi wako aandike barua ya mistari miwili kwamba inaondolewa, halafu ichomeni nyuma ya ofisi mkiwa wawili watatu, kimya, bila simu kurekodi. Hiyo ya simu naisisitiza, video ya sekunde kumi haionyeshi nia ya mtu.

Swali: Mtoto wangu ako gredi ya tano hapa Kisumu. Kwa imani yetu hatupigii bendera saluti wala hatuimbi wimbo wa taifa. Anasimama tu kimya paredi ya Jumatatu na Ijumaa. Mwalimu anamtoa mbele ya wenzake anamwita adui wa nchi. Nifanye nini?

Jibu: Mama, nenda umwone mwalimu mkuu na uende na katiba. Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kufanya kitendo kinachopingana na imani yake, imeandikwa wazi. Hata hao Wamarekani walipitia hapo, mwaka 1943 katikati ya vita vikuu mahakama yao ilisema watoto wa Mashahidi wa Yehova wasilazimishwe kupiga saluti. Mtoto anayesimama kimya hajamkosea mtu yeyote. Mimi mwenyewe naimba kwa sauti mpaka ubeti wa tatu na sikubaliani na imani yenu, nasema tu ukweli, lakini kumwita mtoto wa miaka kumi adui wa nchi mbele ya wenzake, hapana.

Swali: Niko Kondele, Kisumu. Juni 2024 tulipoandamana juu ya ule mswada wa fedha nilinunua bendera kwa mchuuzi nikajifunga mgongoni, na mpaka leo naivaa. Juzi niliitandika kwa nyasi nikaikalia, babu yangu akaniona, hajaniongelesha siku tatu. Kwani si yangu, nilinunua na pesa yangu?

Jibu: Kijana, pesa yako sawa. Lakini babu yako ametoka mbali. Watu wa rika lake wakati wa Nyayo, yaani Rais Moi, ikipigwa filimbi, mtu anashuka baiskeli, mama anatua ndoo, anayekimbiza kuku anaacha kuku, kila mtu anakauka kama mti mpaka bendera imalize kushuka, na ole wako uonekane umetikisika. Sasa sijui kama hiyo ilikuwa heshima ama uoga, pengine zilikuwa zimechanganyika hata wenyewe hawajui. Lakini mwili wake umejifunza hivyo.

Na kabla ya Nyayo kulikuwa na usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, ya Mwingereza ikashuka na hii ikapanda, na usiku huo huo mpanda milima Kisoi Munyao alikuwa juu ya Mlima Kenya kwa barafu akiisimika huko. Nyeusi ni sisi watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, ile mistari nyembamba meupe ni amani, na ngao na mikuki ni ya kulinda hayo yote. Wewe uliisoma hiyo ukapita mtihani, kwa babu yako nyekundu sio somo.

Lakini nitakutetea pia. Oktoba 2025 Raila alipofariki, nilikuwa Kisumu wakati bendera zilikuwa nusu mlingoti, na nikaona vijana wa umri wako wamejifunga za kwao mabegani na matawi mkononi wanalia, hakuna askari aliyewapigia filimbi ndio wasimame. Sijaona bendera imeheshimiwa hivyo tangu nizaliwe. Babu yako pia aliona, niko na hakika, muulize. Anza na hilo, halafu umwombe msamaha wa nyasi.

Na hiyo uliyokalia ifue na maji baridi, usiloweke, hizi za kununua barabarani nyekundu yake hutoka inaingia kwa nyeupe.