Mazimwi ndani ya karata

SWALI: Kaka, umeme ukikatika nabaki na karata tu. Kuna mchezo wa mapanga na mazimwi wa kucheza peke yangu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Upo, dada. Unaitwa Scoundrel, wa Zach Gage na Kurt Bieg, 2011. Toa jokari, pia wazungu (karata za picha) na ree za rangi nyekundu; zibaki 44. Pau na shupaza ni mazimwi, uru silaha, kopa dawa. Una uhai 20. Funua nne, hicho ndicho chumba; maliza tatu, moja ibaki kwa chumba kijacho. Utamu uko kwenye silaha: ikishaua zimwi la 6, haiguswi kwa kubwa zaidi. Kwa hiyo uru ya 7 mimi huanza nayo kwa mzungu wa nne, mwenye 13. Naumia 6 (13 kutoa 7), lakini silaha inabaki na kazi.