Leseni ya Kubeba Bastola Texas: Kabla Hujaomba na Baada ya Kuipata

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mzima asiyezuiwa na sheria anaweza kutembea na bastola Texas bila leseni. Kwa hiyo ndugu zetu wa Houston, Dallas na Abilene wanauliza kwa haki kabisa: darasa, alama za vidole na ada ya dola 40 ni za nini tena?

Kwanza, sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka eneo la shule, isipokuwa iwe haina risasi na imefungiwa kwenye chombo chenye kufuli. Mjini huwezi kwenda hata kununua maziwa bila kupita karibu na shule. Anayesamehewa katazo hilo ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo lenyewe. Halafu kuna vibao vya milangoni: kibao cha 30.05 (namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Texas) kinamzuia asiye na leseni, lakini hakimzuii aliye nayo. Na ukivuka mpaka kuingia New Mexico, leseni ya Texas inatambuliwa. California, Illinois na New York haifai kitu. Kwetu sisi, hilo la shule peke yake linatosha.

Kabla hujamlipa mwalimu, tazama karatasi zako za uhamiaji. Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaweza kumiliki silaha iwapo hawana kizuizi kingine. Aliyeingia kwa viza ya masomo, matembezi au kazi ya muda amekatazwa na sheria ya shirikisho kushika bastola, hata risasi moja. Kuna misamaha michache, kwa mfano kwa mwenye leseni halali ya kuwinda, lakini usiiegemee kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji. Tunalisisitiza hili kwa sababu adhabu hailingani. Mzaliwa wa hapa akitiwa hatiani kwa kosa la silaha analipa faini au anafungwa, kisha anarudi nyumbani. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kosa hilohilo anaweza kuondolewa nchini, hata kama hakulala jela usiku mmoja.

Hatari nyingine iko dukani, kwenye fomu ya shirikisho namba 4473 inayojazwa wakati wa kununua. Inauliza uraia wako. Ukiweka alama ya Marekani ilhali una grini kadi tu, umedai uraia usio wako, na kosa hilo kwenye uhamiaji halifutiki kwa kuomba radhi. Fomu hiyo pia inauliza kama unatumia bangi au dawa nyingine zilizopigwa marufuku. Bangi ikiruhusiwa Colorado, kwa shirikisho bado ni marufuku. Na miraa je? Miraa mbichi ina kathinoni, ambayo iko kwenye daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa. Anayetafuna miraa kila Ijumaa hawezi kujibu "hapana" kwenye swali hilo bila kusema uongo, na uongo kwenye fomu hiyo ni jinai. Achague kimoja.

Kwa upande wa jimbo, sheria inataja umri wa miaka 21. Hukumu ya kosa dogo la jinai la daraja A au B ndani ya miaka 5 iliyopita inakuzuia, na kuendesha gari ukiwa umelewa kwa mara ya kwanza ni daraja B. Wengi hukwama kwenye kesi ambazo walikubali kosa, wakawekwa chini ya uangalizi, kisha kesi ikafutwa. Wewe unaiona imekwisha, lakini kwa leseni hii Texas huihesabu kama hukumu. Deni la matunzo ya mtoto linazuia, na deni la kodi pia. Hukumu ya kumpiga mke, mume au mzazi mwenzio, hata iwe kosa dogo, inakunyima silaha kwa sheria ya shirikisho.

Maombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Usalama wa Umma ya Texas. Andaa kitambulisho, namba ya hifadhi ya jamii, na anwani zako zote za miaka 5 iliyopita, za makazi na za kazi. Kisha unapanga miadi ya alama za vidole, takriban dola 10. Jina ndilo linalochelewesha maombi mengi ya watu wetu. Majina matatu ya kwetu huandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye grini kadi, mwingine kwenye leseni ya udereva, na wa tatu kwa karani wa alama za vidole. Chukua leseni ya udereva, nakili herufi kwa herufi, kila mahali. Kama uliwahi kukamatwa, hata kesi ikatupwa, pata nakala ya uamuzi kutoka mahakamani kabla hawajaiomba.

Darasa ni la saa 4 hadi 6: sheria za matumizi ya nguvu, utunzaji wa silaha, kumaliza ugomvi bila silaha. Sehemu hiyo unaweza kuisoma mtandaoni. Ya shabaha huwezi. Utapiga risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15. Alama kamili ni 250, ya kufaulu 175. Karatasi ya shabaha ina umbo la mtu lenye maduara ya namba: risasi ndani ya duara la 8 au karibu zaidi na kati ni alama 5, kwenye duara la 7 ni 4, na nje ya hapo lakini bado kwenye umbo la mtu ni 3. Piga hesabu: ukiweka zote 50 pembeni mwa umbo utapata 150, umeanguka. Lakini ukifanya vizuri kwenye yadi 3 na 7 una alama 200 kabla hujafika 15. Kwa hiyo usiharakishe mwanzoni. Anayetumia mkono wa kulia na risasi zake zikaenda chini kushoto anaishtua triga badala ya kuibana polepole. Kodi bastola ya ukubwa wa kawaida, ya milimita 9. Zile ndogo za mfukoni hurusha mkono na kumfelisha mwanafunzi. Nunua risasi 100, utumie 50 za kwanza kwa mazoezi.

Leseni ya kwanza huisha siku ya kuzaliwa kwako inayofuata baada ya leseni kutimiza miaka 4, na baada ya hapo unahuisha kila miaka 5 bila kurudi darasani. Ukihama, taarifa ya anwani mpya ifike ndani ya siku 30.

Sasa maisha yenyewe. Ajali nyingi za mwenye leseni hutokea anapoitoa bastola mahali pake bila sababu: kwenye gari, chooni, chumbani. Kwa hiyo panga siku yako kabla hujavaa. Ukiona kuna kituo kimoja ambapo utalazimika kuivua, fikiria kuiacha nyumbani kwenye sefu.

Ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, iwe ngumu, ifunike triga yote, na ibaki wazi bastola ikitoka. Ala laini ya kitambaa hujikunja, na mtu anapoirudisha bastola, ukingo wa shati au kamba ya koti huingia kwenye triga. Ndivyo watu wanavyojipiga paja. Ukitaka kuivua, vua ala pamoja na bastola ndani yake. Mkanda uwe mgumu pia, maana mkanda laini huiacha bastola ikiinama na kujichora kwenye shati. Chooni isitoke kwenye ala, wala usiiweke juu ya tangi la maji wala kuitundika. Itasahauliwa. Akina dada wengi huona mkoba ndio rahisi, nasi tunaukataa: mkoba huachwa kwenye kiti, hunyakuliwa, na watoto hutafuta peremende humo.

Shule ni marufuku, jengo na mahali panapofanyika shughuli ya shule. Kanisa lenu likikodi ukumbi wa shule kwa ibada ya Jumapili, mko ndani ya jengo la shule. Uliza kabla ya kuingia. Kanisa lenye jengo lake linaruhusu, isipokuwa limeweka kibao cha 30.06. Kibao hicho huandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za inchi moja au zaidi, na kinamzuia hata mwenye leseni. Ukumbi wa harusi wenye baa, tazama kibao chekundu cha 51% (mahali panapopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapo): kuingia na bastola humo ni kosa kubwa la jinai. Ofisi ya uhamiaji na ya hifadhi ya jamii ni majengo ya shirikisho, hakuna bastola. Siku ya mahojiano ya uraia iache nyumbani kabisa. Na begi la safari ya ndege lisiwe begi uliloliwekea bastola hata mara moja. Pombe sheria inaipima kwa ulevi. Sisi tunasema glasi moja na bastola haviendi pamoja.

Nyumba zetu hazikosi wageni na watoto wa ndugu. Texas inamwajibisha anayeacha silaha yenye risasi pale mtoto wa chini ya miaka 17 anapoweza kuifikia. Droo ya juu, chini ya godoro na juu ya kabati si hifadhi. Nunua sefu ndogo ya kufunguka kwa vidole, iliyofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni. Ya gari ifungwe kwa waya wa chuma kwenye mguu wa kiti.

Polisi akikusimamisha barabarani, zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono juu ya usukani. Ukiwa umebeba na akaomba kitambulisho, sheria inataka uonyeshe leseni zote mbili, ya udereva na ya kubeba. Mwambie kabla hujasogeza mkono: una leseni ya kubeba, bastola iko kiunoni upande wa kulia, angependa ufanyeje. Sentensi hiyo ifanyie mazoezi kwa Kiingereza mpaka ikutoke taratibu hata ukiwa na hofu. Waambie na abiria wako mapema wakae kimya, wasifungue kabati la dashibodi. Na leseni zote mbili ziweke mfuko wa kushoto, mbali na bastola.